Mate ya Susu

Dirisha la chumba chetu cha kulala linatazama barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Kwa miaka 19 tumelala likiwa limefungwa, kwa sababu malori yanayopanda kutoka bandarini hayajui usiku: yanakohoa, yanafunga breki karibu na njia panda ya Loitokitok, yanakoroma tena. Na vumbi lake ukilipa mwanya, unaamka na nyusi za mzee wa miaka themanini. Basi usiku mmoja wa Agosti, mwezi ambao hata huku Emali watu huvaa sweta, nikasikia komeo likilia polepole. Mama Watoto alikuwa amepiga magoti kitandani, anafungua dirisha kwa ncha za vidole kama mwizi anayetoka badala ya kuingia.

"Unafanya nini?"

"Joto," akasema.

Nilikuwa nimejifunika blanketi mbili, lakini sikubisha. Na sababu ya kutobisha ndiyo aibu ninayotaka kuitua leo: nilikuwa macho saa nzima, nikisubiri apitiwe na usingizi ili nilifungue mimi.

Palikuwa na harufu. Si ya kumkimbiza mtu, la. Ilikuwa kama yai lililosahaulika kabatini kwa jirani: hulioni, hulishiki, ila ikifika saa nane ya usiku, milango imefungwa, lipo. Mimi nilijua inatoka upande wa kushoto wa kitanda. Yeye, nilikuja kuambiwa baadaye, alikuwa na hakika inatoka upande wa kulia. Watu wawili, kitanda kimoja, kila mmoja na ushahidi wake, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Tungeufungua vipi, na mdomo ndio uliokuwa mshtakiwa?

Kwa hiyo tulikubaliana kwa kauli moja kwamba kuna panya aliyekufa.

Jumamosi nzima ikaishia kwa panya huyo. Nina duka la vifaa vya ujenzi, mafundi hawanipi shida. Nikamleta mmoja akang'oa mbao tatu za dari. Alikuta kijiko, kandambili ya mtoto na gazeti la uchaguzi wa mwaka gani sijui. Panya hakuwapo. Gunia la vitunguu vya Kimana, ambalo Mama Watoto alikuwa amelihifadhi korido akingoja bei ipande, likafukuzwa mpaka jikoni. Godoro likatolewa uani kuota jua, na kabla ya saa sita jirani watatu walikuwa wameuliza, kwa upole wenye sumu, ni nani anayekojoa kitandani. Kitinda mimba wetu, ana miaka tisa, akaapa mbele ya uzio kwamba si yeye. Usiku tukarudi kitandani, dari ina shimo, godoro lina joto la jua, na yai letu lipo palepale.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Mawazo yangu mabaya yote huja yakiwa yamevaa nguo za upendo.

Nilipita duka la dawa pale stendi nikanunua chupa ya Listerine, ile ya rangi ya samawati, nikaitia kwenye mfuko wa zawadi wenye utepe. Nilidhani nimecheza kiungwana: sijasema neno, chupa itasema. Mama Watoto akafungua mfuko, akasoma maandishi mbele, akasoma nyuma, akakunja utepe vizuri akauweka pembeni maana utepe hautupwi. "Asante," akasema. Siku ya tatu niliikuta chupa chooni, karibu na brashi, imebaki nusu.

"Zawadi nimeipokea," akaniambia. "Nimeipeleka inakostahili."

Kumbe hakwenda mbali na asili ya kitu chenyewe. Dawa ile ilitengenezwa Marekani mwaka 1879 na daktari aitwaye Joseph Lawrence, isafishe vidonda na vyumba vya upasuaji. Jina lake ni heshima kwa Joseph Lister, mpasuaji wa Uingereza aliyewafundisha wenzake kuua vijidudu kabla ya kushika kisu. Miaka ya 1920 ndipo wenye kampuni walipogundua kwamba vidonda vya watu ni vichache kuliko aibu zao. Wakalichukua neno la kitabibu la kunuka mdomo, wakalitangaza magazetini pamoja na picha za wasichana wasioolewa na vijana wasiopata kazi, na fedha ikamiminika. Mimi, karne moja baadaye, nilikuwa nimeanguka katika mtego uleule, tena kwa utepe.

Nililala sofani siku tatu. Ajabu ni kwamba usiku wa pili harufu ilinifuata sebuleni. Nikaulaumu mto wa kochi.

Mume aliyeshindwa hana kimbilio ila sayansi. Pale sofani, simu usoni, nilisoma mpaka malori ya alfajiri. Na nilivyosoma ndivyo nilivyonenepa. Nilijifunza kwamba harufu ya kinywa ni gesi zenye salfa, zilezile za yai viza, na zinatengenezwa na bakteria wasiopenda hewa waliojificha nyuma kabisa ya ulimi na ndani ya fizi, wakila mabaki ya chakula na ngozi iliyokufa. Nilijifunza kwamba mate ndiyo yanayowafagia: mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na akilala bomba hufungwa karibu lote, ndiyo maana hakuna anayeamka ananukia asumini. Halafu nikafika nilipokuwa napataka. Kwa wastani tezi za mate za mwanamke ni ndogo kuliko za mwanamume, na mate yake ni machache. Mwaka 1978 Joseph Tonzetich wa Kanada na wenzake waliandika kwamba gesi zile hupanda na kushuka kufuata mzunguko wa hedhi. Mwaka 2008 watafiti wa Piracicaba, Brazili, wakapima tena na kuona zinaongezeka siku za kukaribia hedhi na za hedhi yenyewe.

Nilifunga simu kama wakili aliyepata hati.

Kesi niliisoma Ijumaa, mezani, juu ya sufuria ya muthokoi na mbaazi. Sikutaja jina la mtu. Nilisema tu, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari, kwamba wataalamu wa mbali wamethibitisha jambo fulani kuhusu wanawake. Mama Watoto akaendelea kuchota mbaazi. Mama yangu, ambaye watoto wanamwita Susu na sisi wawili tunamwita Mwaitu, alikuwa amekuja kutoka Nzaui kwa ajili ya kliniki yake ya kila mwezi. Akanitazama kama anavyotazama mbuzi anayekula nguo. Binti yetu, yuko kidato cha nne, akanyoosha mkono nimpe simu.

Akasoma. Akasogeza chini. Akasogeza tena.

"Baba, mbona umeishia hapa?"

"Pametosha."

"Hawa wa Brazili walikuwa wameandika kingine mwaka 2006. Wanasema wasiwasi pia unaongeza gesi hizohizo." Akaniinulia macho. "Hapa nyumbani nani ana wasiwasi?"

Nikasema mwenye mtihani mwisho wa mwaka ndiye mwenye wasiwasi, na aende akasome. Akaenda. Lakini mtoto wa sayansi ukimfukuza mezani hujamfukuza kwenye swali.

Jumapili baada ya kanisa tulikuta meza imepangwa. Vikombe vitano vidogo vya plastiki, vile vinavyokuja na dawa ya kikohozi ya watoto, vyenye mistari ya mililita. Saa ya ukutani imeshushwa. Daftari limechorwa safu. Binti akatangaza masharti kwa ukali wa mwalimu wa zamu: hakuna aliyekula wala kunywa kwa saa nzima, utakaa, utainamisha kichwa, hutameza, kila kinachojikusanya kinywani utakiachia kikombeni kwa dakika 5. Kwa kawaida kinywa kilichotulia hutoa mate mililita 0.3 hivi kwa dakika, kwa hiyo tutegemee moja na nusu. Kikishuka chini ya 0.1 kwa dakika, yaani nusu mililita kwa kikombe kizima, hicho ni kinywa kikavu.

Sijui kama umewahi kukaa na familia yako mkitema mate kwenye vikombe, kimya, Jumapili mchana, dirisha wazi na treni ya SGR ikipiga honi kuelekea stesheni. Hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake. Kitinda mimba alijaza mpaka mililita 3 akaomba kikombe cha pili. Binti mwenyewe 2. Mimi, nashukuru Mungu, 2 kasoro kidogo, kifua mbele. Mama Watoto aliinama dakika zote tano, akaweka kikombe mezani taratibu. Mstari wa nusu haukufikiwa.

Susu alikataa. "Mate ya mzee hayatemewi kikombeni," akasema. "Mate ya mzee hutolewa." Na kweli, kwetu Ukambani, na kwa jirani zetu Wamaasai wanaoleta ng'ombe hapa sokoni, mzee akimtemea mtoto mate kiganjani au kifuani hajamtukana, amembariki. Safu ya Susu ikabaki tupu.

Nilikuwa natafuta namna ya kutabasamu bila kuonekana ninatabasamu, simu yangu ilipolia mezani. Namba niliijua. Nikaikata. Ikalia tena. Nikatoka nayo uani, nikaongea dakika mbili kwa sauti ya chini, nikarudi nimejipaka uso wa mtu aliyeulizwa bei ya saruji.

"Baba, kaa," binti akasema. "Jaribio hurudiwa."

"Limetosha."

"Jaribio la mara moja si jaribio."

Nikakaa. Nikainama. Dakika ya kwanza hakikuja kitu. Ya pili ulimi ukagandamana na kaakaa kama stempu. Ya tatu nilijaribu kuwaza nyama choma. Zilipotimia tano nilikuwa nimetoa povu zito, jeupe, lililokataa hata kuteremka kufika mstari wa kwanza. Kitinda mimba akachungulia. "Baba ameisha," akasema.

Binti akaandika bila neno. Mama Watoto hakutazama kikombe, alitazama simu. Na Susu, akifunga leso yake, akasema kama anayejisemea: "Huyo wa kwenye simu ndiye anayekunywa mate yako, mwana wakwa."

Usiku ule nililala kitandani kwangu, dirisha wazi, macho wazi. Nilikumbuka habari niliyowahi kuisoma ya Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyeishi Rabai katika miaka ya 1840. Krapf aliandika kuhusu viapo vya Wamijikenda, kimojawapo kikiwa cha kipande cha mkate: mshukiwa hupewa akile, na mwenye hatia, husemwa, kitamkwama kooni. Watu walidhani ni nguvu ya kiapo. Leo tungesema ni tezi. Mtu akiogopa, mwili huamini kuna simba. Damu huelekezwa miguuni na moyoni, na kazi za anasa kama kulainisha tonge husitishwa. Mate ya maji hukatika, hubaki yale machache mazito. Mwizi hupaliwa na mkate mkavu. Hupaliwa pia asiye na hatia aliye na hofu, lakini hilo wazee wa kiapo hawakuliuliza.

Krapf mwenyewe alikuja kuonja. Mwaka 1851, safari yake ya pili huku Ukambani, mwenyeji wake Kivoi aliuawa karibu na mto Tana, naye akakimbia peke yake nyikani. Hakuwa na chombo. Akajaza maji ya mto ndani ya mitutu ya bunduki yake, na vichaka vikamwagia njiani. Nilimwonea huruma mzungu yule kama ndugu. Mimi nilikuwa kwenye godoro la inchi nane, jagi la maji liko mkono wa kulia, na kinywa changu kilikuwa nyika.

"Ni nani?" Mama Watoto akauliza gizani.

"Nani gani?"

"Aliyepiga leo mchana. Na Alhamisi. Na wiki ile ya panya."

Nilijaribu kumeza mate ili nipate muda. Hayakuwapo. Nikasema yote makavu. Kwamba mwaka jana nilimwekea rafiki sahihi ya udhamini wa mkopo wa sacco. Kwamba rafiki alilipa miezi minne, akahama mji, akahama na namba. Kwamba deni la shilingi 340,000 limerudi kwa mdhamini, na mdhamini ni mimi, na tangu Julai wananipigia kabla ya kifungua kinywa. Kwamba sili mchana, nakunywa kahawa tupu dukani, natafuna peremende moja baada ya nyingine.

Hakujibu. Alishuka kitandani, akatoka. Nikasikia kabati la jikoni likifunguliwa na nikawaza vyombo vyote vyenye makali tulivyo navyo. Akarudi amebeba kopo la ndengu, lile la kilo mbili analohifadhia mbegu bora. Akawasha taa. Akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akachomoa pakiti za vidonge: moja, mbili, tatu. Ndengu zikatapakaa kwenye shuka.

"Presha," akasema. "Tangu Mei."

Vidonge viwili kila asubuhi, kimoja kikiwa cha kukojoza maji. Kavumilia kiu, kavumilia ulimi uliopasuka, akanywa maji nusu nusu ili asiamke usiku nikamuuliza anaenda wapi. Na juu ya hapo ana miaka 48. Hedhi inakuja mwezi mmoja na kukosa miwili, na mwanamke akifika kwenye mlango huo, kinywa nacho huweza kukauka.

"Ulinificha kwa nini?"

"Ulikuwa unakunja uso kila simu ikilia. Nikasema huyu ana mzigo ambao hajanionyesha. Nisimwongezee wangu."

Tukakaa tukiokota ndengu. Baada ya muda nikauliza lile ambalo mwanamume mwenye akili angeliacha. "Na dirisha? Usiku ule uliniambia ni joto."

"Lilikuwa joto. Mwili unawaka moto saa nane za usiku hata kukiwa na barafu. Sikukudanganya." Akaweka ndengu tatu koponi. "Ila harufu nayo ilikuwapo. Na ilikuwa yako."

"Yangu? Mimi nilijua ni yako."

"Najua. Nilipata zawadi."

Alicheka kwanza yeye. Nilipocheka mimi nikaziba mdomo kwa mkono, na hilo likamfanya acheke zaidi, mpaka Susu akagonga ukuta.

Hapo ndipo nilipoelewa ilivyo rahisi kwa nyani kutoona kundule. Pua ni jirani wa kinywa kwa vidole viwili tu, lakini imeishi naye mno hata haisikii tena. Barakoa za mwaka 2020 zilitupa wengi habari zetu wenyewe kwa siku chache, kisha pua ikazoea na barakoa pia. Anayetaka kujua, binti yetu alinifundisha, alambe kifundo cha mkono kwa ndani, angoje sekunde kumi, anuse. Au akwangue nyuma ya ulimi kwa kijiko. Nilifanya la kijiko. Sitasimulia.

Tulikwenda zahanati wote wawili siku moja, jambo ambalo hatujafanya tangu kitinda mimba azaliwe. Mhudumu alikuwa kijana wa huku, na akatupa mfano wa huku. "Mnajua mto wa mchanga," akasema. "Mvua ikinyesha, unapita na kusafisha kila kitu. Ukikatika, hubaki vidimbwi. Maji yanayokwenda hayanuki. Dimbwi ndilo linalonuka. Mama, mto wako umekatwa na dawa na umri. Baba, wako umekatwa na mawazo. Vidimbwi ni vilevile."

Kisha akaanza kugawa kazi bila kuangalia jinsia. Mama Watoto asiache kidonge hata kimoja kwa sababu ya harufu; presha huua, harufu haiui; kliniki ijayo wataangalia kama kipo cha kumfaa zaidi. Anywe maji mara kwa mara, kidogo kidogo. Mimi nile mchana, nipunguze kahawa, niache peremende za sukari maana ni chakula cha bakteria walewale. Wote tusugue ulimi mpaka nyuma, si meno ya mbele tu yanayoonekana kwenye picha. Dawa za kusukutua zenye pombe tuziache, kwa kuwa kinywa kikavu ukikipa pombe unakiongezea jua. Na mimi niende kwa daktari wa meno, kwani sehemu kubwa ya harufu za kinywa huanzia humohumo kinywani, si tumboni wala rohoni. Nikaenda. Gego la nyuma lilikuwa na tundu ambalo nimelipita kwa ulimi mwaka mzima nikiliita "lile pengo". Kwa hiyo msongo ulikuwa na msaidizi.

Nilimuuliza mhudumu kuhusu utafiti wangu, ule wa wanawake. Akasema ni kweli, wana mate machache kidogo. "Lakini hapa," akasema, "wanaokuja kuuliza ni wao. Wanaume hununua peremende."

Deni halikuisha kwa kijiko cha ulimi. Tulikwenda sacco tukaomba kulipa kidogo kidogo. Magunia kumi ya ndengu ya Mama Watoto yakauzwa kabla ya bei kupanda, na hilo atanikumbusha siku ya mazishi yangu. Lakini simu ikilia sasa naipokea mezani, na yeye anasikia. Binti alinipima tena wiki ya pili: mililita moja na robo. Akaandika "anaendelea".

Ikaja Novemba, na asubuhi ya karatasi ya kwanza ya mtihani. Mtoto wa Kikamba haendi kwenye jambo kubwa bila mate ya mkubwa. Saa kumi na mbili unusu tulisimama uani, binti amevaa sare iliyopigwa pasi mara mbili, mikono ameinyoosha mbele, viganja juu. Susu akasogea, akamshika mikono, akanena maneno ya kumtakia yanayosemwa. Akafikia mwisho wa maneno. Akakusanya midomo.

Hakikutoka kitu.

Akajaribu tena. Tukasikia ulimi wake ukigonga kaakaa, mlio mkavu kama ganda la mbaazi. Alitazama chini. Mikono yake ilikuwa bado imeshika ya mtoto, na hakuna aliyejua pa kuweka macho. Ndipo nikakumbuka safu ile tupu kwenye daftari. Mwaitu ana miaka 79 na vidonge vya aina nne kwenye kiondo chake. Hakukataa kikombe kwa sababu ya mila. Alikuwa anajua.

Nikageuka nikalete maji. Mama Watoto akanishika mkono. "Maji si mate," akanong'ona, akaingia jikoni.

Alirudi na kisu, kisahani na embe bichi, kama yale yanayouzwa pale stendi kwa wasafiri wa mabasi, gumu, kijani, limechumwa jana. Akakaa kwenye kigoda mbele ya Susu, bila kumwambia neno, akaanza kulikata. Kisu kikalia *kra*. Akakata vipande vyembamba, weupe wa ndani ukatoa machozi yake. Akanyunyiza chumvi. Akachukua pilipili ya unga, akanyunyiza, taratibu, kama mtu asiye na haraka na gari la shule.

Kitinda mimba akameza kwa sauti. Binti akameza. Na mimi, mdaiwa wa shilingi laki tatu na ushei, nilisikia mate yakinichuruzika chini ya ulimi kutoka sehemu ambazo nilisahau kwamba ninazo.

Susu alikuwa anatazama embe. Shavu lake likacheza. Mama Watoto akampa kipande kimoja. Akakitia kinywani, akafumba jicho moja kwa ukali wake, akatafuna, akatafuna. Kisha akainua kidole kutunyamazisha, ingawa hakuna aliyekuwa akiongea, akarudi mbele ya mjukuu wake, akarudia maneno yote tangu mwanzo. Safari hii mwisho wake ulifika. Ulifika viganjani, ukafika kwenye tai ya shule, ukafika na punje moja ya pilipili.

Binti alitazama viganja vyake kwa makini sana.

"Susu," akasema, "hii inapita mililita moja."

"Andika," Susu akasema, akanyoosha mkono kuomba kipande kingine.